Kihoro, Agahinda na Icyunamo: Historia ya Maneno ya Huzuni Kuu katika Gitega, Kigali

Ikisiri

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Hatua hiyo imeleta swali ambalo sera za lugha hazikulitazamia: Kiswahili kitayaitaje majonzi yaliyoachwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994? Makala hii inafuatilia historia ya neno kihoro na jamaa zake katika mtaa wa Gitega, mahali ambapo Kiswahili na Kinyarwanda vimeishi ukuta kwa ukuta kwa zaidi ya karne moja. Hoja yake ni kwamba Kiswahili sanifu huiweka huzuni katika sauti, ilhali Kinyarwanda huiweka katika mwili ulioinama na tumbo lililofunga, na kwamba mfasiri asiyeiona tofauti hiyo humtaka mfiwa aomboleze kwa namna isiyo yake.

Utangulizi

Gitega inayozungumziwa hapa si mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, ingawa jina ni moja. Ni umurenge, yaani sekta, katika wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali, jirani ya Nyamirambo na Biryogo. Nyumba zake zimebanana, njia zake ni nyembamba, na kwa muda mrefu wakazi wake wamekuwa mafundi, wachuuzi, madereva na vibarua wa mjini. Kiswahili kinasikika huko pasipo kualikwa na sheria yoyote. Kiliingia na biashara, kikabaki na ndoa na ujirani.

Ukaribu huo wa lugha mbili ndio unaoifanya Gitega kuwa mahali pazuri pa kuchunguzia neno la huzuni. Maneno ya bei na ya salamu huvuka kutoka lugha moja hadi nyingine kwa wepesi. Maneno ya msiba hayavuki hivyo. Mtu aweza kununua na kuuza kwa lugha ya jirani miaka arobaini, lakini siku ya kufiwa akarejea kwenye lugha ya mama yake. Na jirani aliyekuja kumhani hulazimika kuchagua amfuate huko au amwachie nafasi yake.

Kiswahili cha mtaani na mazishi yake

Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa utawala wa Wajerumani. Pamoja na Wajerumani walikuja askari, wapagazi na wafanyabiashara waliosema Kiswahili, wengi wao Waislamu. Utawala wa Wabelgiji, uliofuata Vita Kuu ya Kwanza, uliwatengea mtaa wao, ukawawekea sharti la kibali walipotaka kutoka. Kwa hiyo Kiswahili cha Kigali kilikuwa na mipaka ya ardhi kabla ya kuwa na mipaka ya sarufi. Katika Kinyarwanda jina Umuswahili likaja kumaanisha Mwislamu wa taifa lolote, na kwa kejeli, mjanja wa mjini asiyeaminika. Lugha iliyobeba lawama ya namna hiyo haikutarajiwa kuwa chombo cha kusemea mambo mazito.

Hata hivyo, ndani ya mtaa huo Kiswahili kilikuwa na kazi moja nzito: kilikuwa lugha ya mazishi. Jeneza, sanda, hitima, arobaini na eda vilitajwa kwa Kiswahili hata na watu ambao nyumbani walisema Kinyarwanda tu. Jambo hili husahauliwa na wale wanaokichukulia Kiswahili cha Rwanda kuwa lugha ya soko na kambi ya jeshi. Familia za Biryogo, Nyamirambo na Gitega zilizozika wafu wao kwa desturi ya Kiislamu zilikuwa na msamiati kamili wa msiba katika Kiswahili, wenye hatua, muda na adabu zake.

Baada ya Julai 1994 tabaka nyingine za Kiswahili ziliongezeka. Wanyarwanda waliokuwa uhamishoni walirudi kutoka Tanzania, Uganda, Burundi na Zaire, na kila kundi lilikuja na Kiswahili chake. Tofauti ilionekana hata katika neno dogo kama kilio. Kwa mtu wa pwani, kilio kwanza ni sauti ya kulia. Kwa mtu aliyelelewa Bukavu au Goma, kilio ni pia mkusanyiko wenyewe wa msiba: watu hukaa kilioni, huenda kilioni, huchangia kilio. Kinyarwanda kina ikiriyo, neno la mzizi uleule wa kulia, nalo lina maana hiyohiyo ya siku za kukaa pamoja na wafiwa. Katika jambo hili Kiswahili cha Kivu kiko karibu zaidi na jirani wa Gitega kuliko Kiswahili cha Unguja kilichofanywa msingi wa lugha sanifu. Lugha hizi zinafanana hata katika kulifunga tendo. Kinyarwanda husema gukura ikiriyo, kuondoa kilio. Kiswahili husema kuanua matanga.

Kinachoisha na kisichoisha

Ulinganifu huo wa kuanua na kuondoa unafundisha jambo la kwanza. Kinachoondolewa ni kipindi. Rwanda ya zamani ilikitambulisha kipindi hicho kwa rangi: wafiwa waliingia katika kwirabura, kuwa weusi, wakatoka kwa kwera, kuwa weupe. Kati ya rangi hizo mbili mambo kadhaa ya maisha ya kawaida yalisimama. Eda ya mjane wa Kiislamu, miezi minne na siku kumi, ina mpaka ulio dhahiri vilevile. Jamii zote mbili zilijua kwamba pasipo siku ya mwisho mfiwa huachwa nje ya watu.

Lakini huzuni yenyewe haiamriwi na kalenda, na hapo ndipo maneno huanza kuachana. Kinyarwanda kina agahinda, ishavu na intimba, ambayo kamusi za lugha mbili huyatafsiri yote kwa huzuni. Agahinda ndilo linalosikika zaidi, nalo lina umbo la kushangaza: liko katika ngeli ya aka-, ambayo kwa kawaida ni ya vitu vidogo. Kiswahili sanifu hakina tena ngeli hiyo. Kazi yake imechukuliwa na ki-. Msikilizaji mgeni angeweza kudhani agahinda ni kahuzuni, kitu cha kupita. Sivyo. Ni huzuni inayokaa. Mtu hubeba agahinda miaka na miaka akienda kazini, akilea watoto, akicheka panapostahili kicheko.

Methali moja ya Kinyarwanda inaeleza mahali inapokaa: amarira y'umugabo atemba ajya mu nda, machozi ya mwanamume hutiririka yakaelekea tumboni. Neno inda, tumbo, ni ndugu wa neno ambalo Kiswahili kimelihifadhi katika ndani. Methali inamsifu mwanamume asiyelia mbele ya watu, lakini adabu ya kujizuia haikuwa ya wanaume pekee. Anayehani Kigali husema mwihangane, vumilieni, au komera, kuwa imara. Mtu wa pwani husema poleni, neno linalokiri maumivu kabla ya kuomba ustahimilivu. Yote mawili ni ukarimu. Ila la kwanza humpa mfiwa kazi ya kufanya, na la pili humpa ruhusa.

Kihoro

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili ya huzuni, kihoro lina nafasi ya pekee. Huzuni na jitimai yametoka katika Kiarabu na yana upana wa kutumika hata pale ambapo hakuna aliyekufa. Mtu huhuzunika kwa kushindwa mtihani. Majonzi na simanzi yamezoeleka katika tanzia, taarifa za habari na hotuba, na matumizi hayo yameyalainisha. Kihoro hakijalainika. Hutajwa pale mtu alipopoteza kilicho sehemu ya nafsi yake, naye mwenyewe huwa mtendwa: hupatwa na kihoro, huingiwa na kihoro. Zaidi ya hayo, mtu hufa kwa kihoro. Mume huzikwa na mke hufuata baada ya wiki chache bila ugonjwa unaojulikana, na majirani husema hivyo bila kuhitaji daktari. Kiswahili hapa kinakiri wazi kwamba huzuni ina nguvu ya kuua mwili.

Ukali huo unakifanya kihoro kionekane mwafaka kwa yaliyowapata watu wa Gitega. Mtaa wa Cyahafi, ulio katika eneo hilohilo, ulitajwa mara nyingi katika kesi ya Georges Rutaganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Rutaganda, makamu wa pili wa rais wa Interahamwe, alihukumiwa kifungo cha maisha tarehe 6 Desemba 1999, na gereji ya Amgar iliyokuwa Cyahafi ni mojawapo ya mahali palipochunguzwa katika ushahidi. Kesi ilisikilizwa Arusha, jiji la Kiswahili, lakini lugha rasmi za mahakama zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Mashahidi walisema Kinyarwanda, na maneno yao yakavuka lugha moja kabla ya kufika nyingine. Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998, mahakama hiyo ilikuwa imelazimika kupima kwa makini maana ya maneno kadhaa ya Kinyarwanda, yakiwamo ya uchochezi na ya ubakaji, kwa msaada wa mwanaisimu Mathias Ruzindana. Ni mfano mzuri wa isimu kutumikia haki. Lakini mahakama huuliza nani alitenda nini; haina haja ya kujua kwa usahihi uleule aliyetendewa anauitaje usiku wake.

Swali hilo lilijibiwa nje ya mahakama, na lilijibiwa kwa neno jipya. Katika miaka iliyofuata 1994, hasa nyakati za kumbukumbu, manusura walipatwa na hali ya kupiga mayowe, kuanguka, kukosa pumzi na kuyaona ya zamani kana kwamba yanatendeka tena. Wanyarwanda waliita hali hiyo ihahamuka. Athanase Hagengimana, daktari wa magonjwa ya akili, na Devon Hinton waliieleza mwaka 2009 kuwa hali ambayo kiini chake ni kukatika kwa pumzi, na neno lenyewe huhusishwa na ibihaha, mapafu. Kiswahili kina kitenzi kuhaha, kutweta na kutapatapa. Si lazima kudai unasaba kati ya maneno hayo. Yaelekea kila lugha imeiga sauti ya mtu asiyepata hewa. Baadaye, katika lugha ya hospitali na ya serikali, neno ihungabana, kutikisika, lilienea kama jina la staha zaidi.

Hapa ndipo kihoro kinahitaji kupimwa upya. Kwa kuwa kinaupata mwili na kwa ghafla, kinaikaribia ihahamuka kuliko agahinda. Mfasiri anayeandika kihoro badala ya agahinda atakuwa amechukua huzuni ya miaka thelathini, iliyotulia tumboni, akaigeuza kuwa pigo la jana. Kwa agahinda, jitimai au simanzi hufaa zaidi, hata kama yamechakaa kidogo kwa hotuba.

Kuna mtego mwingine, nao ni wa masikio. Kinyarwanda kina kitenzi guhora. Kwa lafudhi moja ni kunyamaza, kutulia, na unasaba wake ni kupoa kwa Kiswahili. Kwa lafudhi nyingine ni kulipiza kisasi au kuua mtu kwa sababu fulani, na ndiyo maana makanisa ya Rwanda huwaita mashahidi wa imani abahowe Imana, waliouawa kwa ajili ya Mungu. Kihoro hakihusiani na lolote kati ya hayo mawili. Lakini Mnyarwanda ambaye Kiswahili chake ni cha juujuu, akilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza redioni mwezi Aprili, ana sababu ya kudhani ametajiwa kisasi. Katika nchi nyingine hilo lingekuwa kosa la kuchekesha.

Nani aanze kilio

Methali ya Kiswahili inasema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Ni kanuni ya adabu na pia ya haki: mwenye msiba ndiye mwenye sauti ya kwanza, na majirani huitikia. Kanuni hiyo ina dhana ambayo waliounda methali hawakuwa na haja ya kuitamka, nayo ni kwamba mfiwa yupo.

Shirika la GAERG, la wahitimu walionusurika lililoundwa mwaka 2003, lilifanya kazi ya kuhesabu familia ambazo hakuna hata mmoja aliyebaki. Lilipata familia 15,593 zenye watu 68,871. Kinyarwanda huziita imiryango yazimye, na msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo: ni familia zilizozimika. Mzizi ni uleule wa taa na moto; aliyezimia anarudi, aliye kuzimu harudi. Kwa nyumba hizo hakuna wa kuanza kilio. Ndiyo sababu wanafunzi manusura, waliounda AERG mwaka 1996, walijipanga katika familia za kuchaguliwa, zenye baba na mama wa rika lao. Hatua hiyo husifiwa kama msaada wa kisaikolojia, na ni kweli. Lakini ilikuwa pia jibu la swali la methali: waliunda mfiwa, ili wa mbali wapate pa kuingilia.

Methali nyingine, kifo cha wengi harusi, haiwezi kutamkwa Gitega hata kwa nia njema. Maana yake ya kawaida, kwamba msiba wa wengi huwa mwepesi kwa kuwa wabebaji ni wengi, inategemea kwamba waliokufa na wanaobeba ni watu wa upande mmoja. Vitabu vya methali vinavyotumika shuleni Rwanda vingefanya vyema kuiacha, au kuifundisha pamoja na sababu ya kuiacha.

Kuinama na kuomboleza

Kumbukumbu ya kwanza ya kitaifa ilifanyika mwaka 1995 huko Rebero. Tangu hapo tarehe 7 hadi 13 Aprili ni wiki ya icyunamo, na neno kwibuka, kukumbuka, ndilo lililokuja kujulikana zaidi duniani. Icyunamo linatokana na kunama, kitenzi ambacho Kiswahili kinacho katika kuinama. Kumwinamia marehemu ni kumpa heshima kwa mwili, kichwa kikiwa chini na mdomo umefungwa. Tafsiri inayojitokeza yenyewe kwa Kiswahili, wiki ya maombolezo, ni sahihi kwa kamusi na ina matatizo kwa picha: anayeomboleza hupaza sauti. Badala ya shingo iliyoinama limewekwa koo lililofunguka.

Katika tangazo la kawaida tofauti hiyo haina madhara. Madhara yanaanza pale neno linapokuwa kigezo. Mshauri nasaha aliyefunzwa kwa Kiswahili, akijua maombolezo ni kutoa sauti, aweza kumwona mzee wa Gitega aliyekaa kimya wiki nzima na kuandika kwamba hajaanza kuomboleza. Mzee huyo amekuwa akiinama tangu 1995. Aweza pia kuyasikia mayowe ya ihahamuka na kuyachukua kuwa kilio cha kawaida cha msibani, akamwacha mgonjwa alie mpaka anyamaze. Makosa hayo mawili yanapingana, na yote yanazaliwa na tafsiri moja.

Baada ya mwaka 2017

Sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ilitazama zaidi Jumuiya ya Afrika Mashariki, biashara na utumishi. Hilo linaeleweka. Lakini lugha rasmi haichagui milango ya kuingilia: ikishaingia ofisini itaingia pia zahanati, shuleni na kwenye kumbukumbu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, na taasisi za Rwanda zinazosimamia lugha na urithi wa utamaduni zina nafasi ya kuandaa faharasa ndogo ya maneno ya msiba kabla mazoea ya wafasiri hayajaganda.

Faharasa hiyo isitafute neno moja kwa kila neno. Kiswahili kilikwisha kupokea gacaca bila kuitafsiri, na hakuna aliyelalamika. Icyunamo nayo ipokewe hivyo, ikiambatana na maelezo mafupi inapotajwa mara ya kwanza. Ihungabana ina kiwewe, neno ambalo tayari linatumika katika afya ya akili. Ikiriyo ipewe kilio, kwa maana ya Kivu, hata kama wasanifishaji wa pwani watakunja uso. Kihoro kihifadhiwe kwa mazungumzo ya ana kwa ana, ambako mkalimani ana muda wa kueleza, na kisiwekwe kwenye mabango.

Limebaki neno moja ambalo Kiswahili kinaweza kuazima kwa faida yake chenyewe. Wajane wa mauaji hayo walipounda chama chao cha AVEGA mwaka 1995, waliongeza jina Agahozo, linalotokana na guhoza, kumtuliza anayelia. Umbo lake ni lile la agahinda, ngeli ileile ya vitu vidogo, na mzizi wake ndio unaotupa kupoza. Kiswahili sanifu husema faraja, neno jema lililotoka mbali. Wanawake wa Gitega wanaosema lugha zote mbili wana kupoza machungu, ambalo mjane mwenye Kinyarwanda hulitambua mara moja pasipo kamusi. Wakalimani wa zahanati wangeweza kuanzia hapo.